Kakamega: Kazi, Lugha na Masikilizano

Msafiri atokaye Kisumu kwenda Kakamega hupanda karibu muda wote. Ziwa hubaki nyuma yake, na barabara huingia katika vilima vya Maragoli, penye mawe makubwa yaliyopandana kana kwamba yalipangwa kwa mikono ya watu. Hupita Majengo, Mbale na Chavakali, na pande zote huona mashamba madogo ya mahindi, maharagwe, migomba na chai, na nyumba zilizokaribiana hata jirani aweza kumwamkia jirani bila kutoka uani kwake. Karibu na mwisho wa safari, mahali paitwapo Ilesi, husimama jiwe refu lenye jiwe jingine juu yake mfano wa kichwa, na maji hutiririka ubavuni mwake kama machozi. Wenyeji huliita Ikhonga Murwi. Wageni huliita Jiwe Linalolia. Kutoka hapo mji hauko mbali. Safari nzima ni yapata maili 30, yaani kilomita 50 hivi.

Mji wenyewe umekaa juu, futi 5,000 hivi kutoka usawa wa bahari. Udongo wake ni mwekundu, miti yake ni mirefu, na mvua hunyesha siku nyingi za mwaka, hasa alasiri, tena kwa radi na ngurumo. Mtu atakayesimama kituo cha basi saa moja ya asubuhi ataona wauguzi wakienda hospitali, makarani wakienda ofisi za kaunti, wanafunzi wakienda Chuo Kikuu cha Masinde Muliro, na akina mama wakishusha mboga na ndizi kwenda sokoni. Akitega sikio, atasikia Lwisukha na Lwidakho, Luwanga na Lukabras, Lulogooli na Kijaluo, Kigikuyu na Kinandi, na juu ya zote hizo Kiswahili na Kiingereza. Watu hao wote wamekuja kufanya kazi pamoja. Kwa ajili hiyo Kakamega ni mahali pazuri pa kujifunza jambo moja ambalo kila karani na kila mkulima hukutana nalo: watu wa desturi mbalimbali wakikutana kazini, wafanye nini ili wasikilizane?

WATU NA LUGHA ZAO

Wenyeji wa sehemu hizi huitwa Waluhya. Jina hilo si la zamani sana. Lilienea hasa katika miaka ya 1930 na 1940. Kabla ya hapo kila kabila dogo lilijulikana kwa jina lake: Waisukha, Waidakho, Watsotso, Wawanga, Wamarama, Wakisa, Wakabras, Wanyala, Watachoni, Wamaragoli, Wabukusu na wengineo. Hesabu ya kawaida ni kati ya makabila 16 na 18. Lugha zao ni za ukoo mmoja, lakini si lugha moja. Hata jina lao wenyewe hawalitamki sawasawa: wengine husema Abaluyia, na Wamaragoli husema Avaluyia.

Katika miaka ya 1940 iliundwa kamati ya kuzileta lugha hizo katika mwandiko mmoja, ili watoto wote wasome vitabu vya namna moja. Bibi L. L. Appleby, mwalimu wa misheni, alifanya kazi kubwa katika shauri hilo, na mwaka 1947 kitabu chake cha sarufi ya Luluyia kilipigwa chapa. Nia ilikuwa njema. Walakini Wamaragoli walikuwa wameshapata Agano Jipya kwa lugha yao tangu miaka ya 1920, kwa kazi ya wamisionari wa Friends na wasaidizi wao wenyeji, na mwaka 1951 wakapata Biblia nzima. Hawakuona sababu ya kuacha maandishi waliyoyazoea. Wabukusu nao walikuwa na mashaka yao. Mpaka leo mwandiko mmoja uliokubaliwa na wote haukupatikana.

Habari hiyo yafaa kukumbukwa na kila mtu anayedhani kwamba watu wa jamii moja hawana haja ya kujifunza kusikilizana. Kama ndugu wa nyumba moja hawakuweza kukubaliana juu ya herufi, sembuse watu waliotoka nchi za mbali na kukutana katika shimo moja au ofisi moja?

Kiswahili chenyewe hakikuletwa Kakamega na serikali. Kiliingia kwa njia ya misafara ya biashara kutoka pwani, ambayo ilipumzika katika mji wa wafalme wa Wanga, mahali paitwapo leo Mumias. Msafiri Joseph Thomson alipofika huko mwaka 1883, watu wa pwani walikuwa wameshaizoea njia hiyo. Kiswahili cha misafara kilikuwa lugha ya kununua na kuuza. Mwenye pembe alitaja bei yake, mwenye nguo akataja yake, wakabishana, wakapatana au wakaachana. Mtu asiyemsikiliza mwenzake hakupata kitu. Jambo hilo liwekwe moyoni, maana miaka 50 hivi baadaye Kiswahili cha namna nyingine kilifika Kakamega.

DHAHABU YA MWAKA 1931

Mwaka 1931 mkulima mmoja Mmarekani, L. A. Johnson, aliona dhahabu katika sehemu za Kakamega. Wakati ule dunia nzima ilikuwa katika shida ya fedha. Bei ya mahindi ilikuwa imeanguka, nzige walikuwa wameharibu mashamba, na walowezi wengi walikuwa na madeni. Habari za dhahabu ziliposikika walikuja kwa mamia, wengine wakiwa na hema na sururu tu. Mtaalamu wa miamba, Sir Albert Kitson, alitumwa mwaka 1932 kuichunguza nchi, naye akatoa taarifa ya kutia matumaini. Vigingi vikapigwa katika mashamba ya watu, na mitaro ikachimbwa mahali palipokuwa na mtama na mahindi.

Hapo ndipo ulipozuka ugomvi uliosikika mpaka Uingereza. Mwaka 1930 serikali ilikuwa imetunga sheria juu ya ardhi za wenyeji. Sheria hiyo iliwaahidi kwamba ardhi yao itakuwa yao daima. Na ikiwa sehemu itatakiwa kwa kazi ya manufaa ya wote, basi wenyeji watapewa ardhi nyingine ya kadiri ile ile, tena baraza zao zitaulizwa kwanza. Ahadi hiyo ilisomwa na kuelezwa. Kabla haijatimia miaka mitatu, dhahabu ikaonekana. Na mwezi wa Desemba 1932 sheria ikageuzwa kwa haraka. Kwa ardhi ya madini haikuwa lazima tena kutoa ardhi badala ya ardhi, wala kuyauliza mabaraza kwanza. Fidia ya fedha ilihesabiwa kuwa yatosha. Mwaka 1933 shauri hilo lilijadiliwa katika Bunge la Uingereza, na watu wakubwa wa huko wakasema wazi kwamba neno lililotolewa limevunjwa.

Ugomvi huo haukuwa wa tamaa ya fedha tu. Ulikuwa pia ugomvi wa maana ya maneno. Mkuu wa serikali aliposema ardhi, alifikiri juu ya eka na bei yake, na juu ya sheria iliyosema kwamba madini yaliyo chini ni mali ya Mfalme. Mzee wa Isukha au Idakho aliposema ardhi, alifikiri juu ya kaburi la babaye lililo karibu na nyumba, na mahali ambapo wanawe watajenga. Mmoja aliuliza: ni shilingi ngapi? Mwingine aliuliza: tutazikwa wapi? Wote wawili walitamka neno moja, na kila mmoja alidhani mwenzake amesikia. Woga uliozaliwa wakati ule haukwisha upesi. Katika miaka hiyo ya 1930 watu wa Kavirondo ya Kaskazini waliunda chama chao, North Kavirondo Central Association, na ardhi ilikuwa mojawapo ya mashauri yake makubwa.

LUGHA YA KUAMURU

Wachimbaji wengi walikata tamaa baada ya muda mfupi, kwa kuwa dhahabu ya Kakamega haikulala juu juu. Ilikuwa ndani ya miamba, na kuitoa kulihitaji mashine na mali nyingi. Makampuni yakabaki. Mgodi mkubwa kuliko yote ulikuwa wa Rosterman, karibu na mji, uliofanya kazi tangu miaka ya 1930 mpaka mwaka 1952 na kutoa yapata wakia 250,000 za dhahabu. Jina la Rosterman liko hata leo. Ni mtaa wa Kakamega, na wachimbaji wadogo wangali wakitafuta dhahabu sehemu hizo kwa sururu na karai.

Katika migodi ya namna hiyo mkubwa wa kazi alikuwa Mzungu, fundi mara nyingi Mhindi, na vibarua walikuwa Waluhya na Wajaluo. Walisemezana kwa Kiswahili, lakini hakikuwa Kiswahili cha misafara wala cha Mombasa. Kilikuwa kile ambacho watu walikiita Kisettla, maneno machache yaliyotosha kuamuru: lete, chukua, chimba, ngoja, upesi. Mwaka 1936 bwana mmoja, F. H. Le Breton, alitoa kitabu cha mazoezi ya Kiswahili cha bara, na juu ya jalada lake alitaja waliokusudiwa: askari, mlowezi, mchimba madini, mfanya biashara na wake zao, na wote waliotaka kufanya kazi na wenyeji bila mkalimani.

Kumwondoa mkalimani si jambo baya. Mtu akijifunza lugha ya mwenzake amefanya heshima. Lakini lugha iliyojifunzwa kwa kuamuru tu ina upungufu mkubwa: ina mdomo, haina masikio. Mkubwa aweza kusema "chimba hapa," wala hawezi kufahamu kibarua akimwambia kwamba mwamba wa hapa umepasuka, au kwamba maji yameanza kuingia. Na kibarua naye, akishajua kwamba jibu lake halitafahamika, huacha kujibu. Hunyamaza na kufanya alivyoambiwa, hata akiona kosa kwa macho yake. Mkubwa akiuona ukimya huo husema kwamba watu hawa hawana fikira. Kumbe fikira zipo; zimekosa mlango wa kutokea.

NENO MOJA, MAANA MBILI

Watu wengi hudhani kwamba hatari ya kazi iko katika maneno wasiyoyajua. Lakini mtu asiyelijua neno huuliza, au huonekana usoni kwamba hakufahamu. Hatari iliyo kubwa zaidi imo katika maneno ambayo kila mmoja hudhani anayajua. Mifano ni mingi, na mingine haikuisha na wakoloni.

Chukua neno "ndiyo." Mnyapara amwuliza kibarua, "Hujaondoa baruti yote shimoni?" Kibarua ajibu, "Ndiyo." Kwa Kiswahili, na kwa lugha nyingi za Kibantu, maana yake ni, "Ni kama usemavyo, sijaiondoa." Lakini mtu aliyezoea Kiingereza aweza kusikia, "Ndiyo, nimeiondoa." Neno ni fupi, na kila mtoto analijua, walakini katika shimo lenye baruti laweza kuua watu. Mnyapara mwenye akili angeuliza, "Baruti iko wapi sasa?" Swali la namna hiyo halijibiwi kwa ndiyo wala kwa siyo. Anayejibu lazima aeleze.

Tena kuna "ndiyo" ya adabu. Kijana aliyelelewa vizuri akisemeshwa na mzee huitikia kila baada ya maneno machache. Maana yake ni, "Nakusikia, mzee." Haina maana kwamba amekubali, wala kwamba amefahamu. Mgeni asiyeijua desturi hiyo huondoka akiamini kwamba mapatano yamefanyika, na kesho yake akiona kazi haikufanywa humwita kijana mwongo. Ndivyo ilivyo na macho pia. Mbele ya mkubwa, kijana wa Kiluhya aliyefunzwa nyumbani huinamisha macho kwa heshima. Mkubwa aliyelelewa kwingine husema kwamba mtu asiyemtazama usoni ana jambo analificha.

Chukua neno "mwezi." Katika siku za ukoloni kibarua aliandikwa kwa tiketi ya siku 30 za kazi. Kila siku aliyofanya kazi iliandikwa, na mshahara ulilipwa siku 30 zilipotimia. Siku ya mvua, siku ya ugonjwa na siku ya msiba hazikuhesabiwa. Tajiri aliita tiketi hiyo mwezi. Kibarua alijua mwezi mmoja tu, ule wa mbinguni, ambao hata mtoto anauona ukizaliwa na kufa. Mwezi wa mbinguni ulikwisha, na mshahara haukuonekana, kwa sababu mwezi wa tiketi ulikuwa bado. Palikuwa na nafasi ya kugombana hata bila ya mtu kukusudia kumdhulumu mwenzake.

Chukua saa. Kiswahili huhesabu saa tangu jua linapochomoza, na Kiingereza huhesabu tangu usiku wa manane na adhuhuri. Karani aliyeandika namba 10 katika barua amekusudia saa nne ya asubuhi. Mkulima aliyeisoma namba hiyo kama saa kumi amekuja alasiri, akakuta ofisi yafungwa, na nauli yake imepotea. Jambo hili hutukia hata leo, katika ofisi na hospitali. Karani atakayeandika "saa nne ya asubuhi" kwa maneno kamili ameokoa siku nzima ya mtu mwingine.

Chukua neno "baba." Kwa Waluhya, kama ilivyo kwa jamii nyingi za Afrika, ndugu ya baba ni baba pia. Mfanya kazi aomba ruhusa kwenda kumzika baba yake. Baada ya mwaka mmoja aomba ruhusa tena, kwa sababu ile ile. Mkubwa wake, aliye wa desturi nyingine, atazama daftari na kuuliza, "Una baba wangapi?" Swali lile lafaa sana kama limeulizwa kwa nia ya kujua, na ni tusi kama limeulizwa kwa kicheko. Maneno hayakubadilika, kilichobadilika ni moyo wa anayeuliza.

Mwisho, chukua desturi ya wakwe. Mwanamume wa Kiluhya humwogopa mama mkwe wake kwa heshima. Hampi mkono ovyo, wala hakai naye chumba kimoja bila haja. Muuguzi aliyetoka kwingine akimwita mkwe aje amwinue mgonjwa kitandani, atashangaa kumwona mtu mzima mwenye nguvu anarudi nyuma na kutoka mlangoni. Aweza kudhani kwamba hana huruma. Muuguzi mwenyeji angetuma mtu amwite binti au jirani, na mkwe huyo huyo angekimbia kutafuta gari na fedha, kwa maana ndiyo njia yake ya kuonyesha upendo.

KAKAMEGA YA LEO

Mambo mengi yamebadilika tangu siku za Rosterman. Katiba ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa, tena lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Katiba hiyo hiyo yataka wananchi washirikishwe katika mashauri yanayowahusu. Tangu mwaka 2013 Kakamega ina serikali yake ya kaunti. Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 yaagiza kwamba katika kuandika watu wa ngazi ya kwanza, nafasi zisizopungua asilimia 30 wapewe watu wasio wa kabila lililo kubwa katika kaunti. Kwa hiyo katika ofisi za Kakamega ni haki, wala si hisani, kumkuta karani Mturkana, Mkamba au Mdigo ameketi meza moja na Mwisukha.

Sheria yaweza kuwaketisha watu meza moja, lakini haiwezi kuwafanya wasikilizane. Kazi hiyo imebaki juu ya watu wenyewe. Mdigo aliyezoea kuwaamkia wakubwa "shikamoo" ataona ajabu kwamba Kakamega amkio hilo halitumiki sana, akafikiri vijana wa huku hawana adabu. Akikaa kidogo atagundua kwamba adabu ipo, ila imevaa nguo nyingine. Husema "mulembe," yaani amani, kisha huuliza habari za nyumbani, za watoto, za wagonjwa na za shamba, ndipo hufikia shauri lililomleta. Mtu anayeanza na shauri kabla ya amani huonekana kama anayeingia nyumbani kwa watu kwa kupitia dirishani.

Shauri la dhahabu nalo limerudi. Katika miaka ya karibuni makampuni yametafuta tena dhahabu katika sehemu za Ikolomani, mahali palipochimbwa na watu wa miaka ya 1930. Tofauti kubwa iko katika sheria. Sheria ya Madini ya mwaka 2016 yataka mwenye ardhi atoe idhini yake kabla ya kazi ya madini kufanywa juu ya ardhi yake, na sheria za mazingira zataka wananchi wasikilizwe. Hiyo ni hatua kubwa ukilinganisha na Desemba 1932. Lakini idhini ni neno, na maneno yameshaonyesha hatari yake. Mzee akitia sahihi chini ya karatasi ya Kiingereza asiyoifahamu, ametoa wino, hakutoa idhini. Mkutano wa baraza ambao wakubwa husema saa tatu na wananchi hupewa dakika kumi si mkutano wa kusikilizana. Ni Kisettla kile kile, ingawa huenda kimesemwa kwa Kiswahili sanifu.

MAMBO YA KUKUMBUKA

Mtu anayefanya kazi na watu wa desturi nyingine, awe karani, mnyapara, mwalimu au mkulima mwenye vibarua, aweza kujifunza mambo machache kutoka Kakamega.

Kwanza, baada ya kutoa maagizo asiulize, "Umefahamu?" Jibu la swali hilo ni "ndiyo" siku zote, kwa kuwa hakuna apendaye kuonekana mjinga. Amwombe mwenzake aeleze kwa maneno yake mwenyewe jinsi atakavyoifanya kazi. Kosa kama lipo litaonekana pale pale, kabla halijala fedha wala damu.

Pili, mambo ya saa, tarehe, kipimo na fedha yaandikwe kwa maneno kamili, na kama mtu hajui kusoma yasemwe mara mbili. Wauguzi wanajua kwamba mgonjwa aliyeambiwa "mara tatu kwa siku" yafaa aulizwe ni nyakati gani atameza dawa. Mkulima naye afanye vivyo hivyo anapopatana na kibarua juu ya ukubwa wa sehemu atakayolima.

Tatu, tendo la mgeni likionekana la ajabu, lisihukumiwe kabla ya kuulizwa sababu yake. Kuuliza si ujinga. Anayeinamisha macho huenda anaheshimu; anayetoka chumbani huenda anaheshimu; mwenye baba wawili huenda anasema kweli tupu.

Nne, mkubwa wa kazi atafute njia ya kusikia mabaya. Mtu akileta habari ya kosa akatukanwa, hiyo ndiyo habari ya mwisho atakayoileta. Akishukuriwa, ataleta nyingine kabla mwamba haujaanguka.

Tano, mgeni ajifunze maneno machache ya wenyeji, walau amkio na asante, na wenyeji wasicheke anapokosea. Anayejifunza lugha ya watu amekubali kuwa mwanafunzi wao, na hilo lenyewe huwafungua midomo.

Msafiri asiondoke Kakamega kabla ya kuisikia Isukuti, ngoma ya Waisukha na Waidakho, ambayo mwaka 2014 iliandikwa na UNESCO miongoni mwa mila zinazohitaji kulindwa kwa haraka. Huchezwa kwa ngoma tatu: kubwa, ya kadiri na ndogo, pamoja na pembe na vyuma vya kugongwa. Husikika katika arusi, katika sikukuu na katika matanga pia. Mwimbaji huanza, wengine huitikia, na mpigaji wa kila ngoma huwasikiliza wenzake wawili hata anapopiga ya kwake. Ngoma kubwa ina sauti kuliko zote. Lakini ikipiga bila kuisikiliza ndogo, wachezaji husimama, maana hakuna tena ngoma ya kuchezwa.